Mdukuzi wa Saa Mbili Asubuhi

Saa mbili na dakika tano asubuhi, skrini ya mapokezi ilianza tena kuanika siri za watu. Nywila ya mhasibu, kila mtu aliisoma, ilikuwa "bosimkali7". Ya karani wa masijala ilikuwa "nasinziakidogo". Wageni waliokuwa wakisubiri walicheka hadi wakashika mbavu.

Bi Mitambo, kama ofisi nzima ilivyomwita mtaalamu wao wa kompyuta, hakucheka. Ukurasa wa mahudhurio, ambako kila mfanyakazi huandika jina lake anapoingia, aliutengeneza yeye. Sasa ndipo alipouona ufa wake: kisanduku cha jina kilitengewa kumbukumbu ya herufi mia moja na ishirini, na hakikujua kusema basi. Ukikishindilia zaidi, ziada humwagikia kwa jirani, kisanduku cha nywila, na mali ya jirani hutoka nje. Ilionekana kuna mtu anakishindilia kwa makusudi, siku ya tatu mfululizo.

"Ananiwinda mimi!" Mkurugenzi alifoka. "Wiki mbili nilizosafiri kulitulia tuli. Nimerudi na udaktari wangu wa heshima, kaanza! Ni wivu tu huo."

"Inawezekana, Mzee."

"Saa nne nina kikao na wafanyakazi wote. Nataka jina lake. Ukilikosa, kusanya vitu vyako."

Bi Mitambo aliipenda kazi ile, na hakutaka kumwaga unga. Akajifungia chumbani kwake, akaanza kupekua kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Kisanduku alikiziba kwanza, akakifundisha kukataa ziada. Kisha akaupata mstari wenyewe.

Akasoma. Akahesabu herufi: mia moja thelathini na tisa. Akasoma tena, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika.

Saa nne ukumbi ulikuwa umefurika. Mkurugenzi alikaa mstari wa mbele, miguu kaikunja nne.

"Umempata?"

"Nimempata, Mzee. Ila naomba tutete kidogo pembeni."

"Hakuna cha pembeni! Leo aumbuke mbele ya wenzake. Panda jukwaani, usome alichoandika kwenye hicho kisanduku, neno kwa neno. Usiruke hata nukta."

"Hata nukta, Mzee?"

"Hata nukta!"

Basi Bi Mitambo akapanda, akagongagonga kipaza sauti, akakunjua karatasi. Sauti ilimtetemeka kidogo, mtu asingejua kama ni kwa woga au kwa kitu kingine. Akaanza kusoma.

"Mheshimiwa, Daktari wa Heshima, Mhandisi Mwandamizi, Mlezi wa Kwaya, Mwenyekiti wa Kudumu wa Timu ya Mpira, Baba wa Maendeleo..."

Kabla hajalifikia hata jina lenyewe, ukumbi mzima ulikuwa umesimama kwa mazoea, ukimpigia Mkurugenzi makofi apande kuhutubia.