Koki Iliyogoma

Jana Kitwana, mwosha madirisha, aliilainisha koki ya fimbo yake ndefu inayopandisha maji hadi kwenye brashi kwa mafuta ya kupikia ya Zuhura, mkewe. Usiku kucha mpira wa ndani ulivimba.

Sasa brashi ilikuwa juu, ghorofa ya tatu ya hospitali, kwenye wodi isiyoruhusu wageni. Zuhura, aliyelazwa humo, alisogea dirishani.

"Funga maji, mzee, umwone!" mlinzi wa hospitali alimhimiza Kitwana kule chini. "Saa nne hii, wanampeleka kupasuliwa."

"Haifungi, ndugu yangu!"

Aliinyonga koki mpaka vidole vikachubuka. Kuiachia fimbo hakuthubutu, chini walipita watu. Juu, nyuma ya maji yaliyotiririka bila kukoma, kiganja kilibandikwa kiooni, kikakaa kidogo, kisha kioo kikabaki na maji tu.