Mtani wa Makaburini

Kasimiri alijilaza chali juu ya kaburi la kale, akafumba macho, akasema hatoki hapo mpaka aletewe ubwabwa. Wazungu waliokuja na motokaa kutazama magofu ya Kunduchi walishikwa na butwaa. Hamisa, ambaye kaburi lile lilikuwa la babu wa babu yake, alicheka mpaka ufagio ukamdondoka.

"Waambie wasiogope," alimwambia dereva wao. "Huyu mtani wetu. Ndivyo walivyo."

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kila mtu pale alijua maana yake. Mtani anakutukana msibani, anakuvua kilemba, anabeba kuku wako unamwona, nawe huna pa kumshtaki. Ukinuna, aibu ni yako. Kasimiri alitokea baada ya vita vya Hitla, angali na koti lake la Keya, jeshi la Waingereza, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Nyie hapa kabila gani?" Aliposikia Wazaramo, alipiga kofi. "Basi nyie watumwa wangu. Mie Mnyamwezi wa Tabora. Leteni maji." Akaletewa maji, na kabla jua halijatua akapewa na chumba nyumbani kwa Hamisa, uani.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa nyumbani. Kiingereza chake cha jeshini kiliwafaa wageni wa magofu, na Hamisa, mjane asiye na mtoto, alipata mtu wa kumchekesha. Kasimiri alinung'unika kwamba watu wa pwani hawajui kupika ndizi, basi akaachiwa sufuria apike mwenyewe. Walipopita manamba wa Kinyamwezi wakienda kwenye mashamba ya mkonge, Hamisa alikimbia kumwita awasalimie wenzake, akamkuta kajifunika gubigubi, eti homa. Akampikia uji.

Fahari ya makaburi yale ilikuwa bakuli moja la Kichina, jeupe lenye maua ya buluu, lililojengewa kwenye nguzo ya kaburi. Mengine yalikwisha kubanduliwa zamani. Wageni walikuja kwa ajili ya hilo moja, na ukoo ulikuwa umemkabidhi Hamisa alilinde. Kaka yake, Jamali, hakuficha kwamba kazi ile aliitaka yeye. Mwanamke na makaburi wapi na wapi, alikuwa akisema, na alichokuwa akingoja ni kosa tu.

Jumatatu moja bakuli halikuwepo. Nguzo ilikuwa na shimo, na chokaa ilikuwa imemwagika chini. Watu walikusanyika, Jamali mbele yao, na Kasimiri akajitokeza katikati akijipangusa mikono.

"Nimelibandua mimi," alisema. "Nimemuuzia yule mama wa Kizungu mwenye kofia. Babu yenu mwenyewe hanywi uji siku hizi."

Watu wakaangua kicheko. Hamisa naye alicheka, kisha akaiona chokaa kwenye kucha za Kasimiri. Akamvuta pembeni.

"Niambie kweli."

"Kweli nimeisema mbele ya kijiji kizima, dada. Mtani hashtakiwi."

Mtu aliyekula na Hamisa sinia moja alikuwa amemvua nguo mchana kweupe, na hapo alipo alikuwa akitabasamu, akimngoja na yeye atabasamu. Akatabasamu, maana mila ilimtaka hivyo.

Kwenye baraza la jumbe, Jamali alitaka Kasimiri apelekwe polisi. Wazee wa ukoo walimgeukia Hamisa. Bakuli alikabidhiwa yeye, kwa hiyo aseme yeye. Akimshtaki mwizi, makaburi yatabaki mikononi mwake. Akikataa, ampishe kaka yake.

Hamisa alimtazama Kasimiri akamchukia kwa moyo wake wote. Alikuwa na kila sababu ya kumshtaki, na neno lenyewe lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Babu zetu walichukua vya kwao, na wao wakachukua vya kwetu," alisema. "Sitakuwa mie wa kwanza kumpeleka mtani mahakamani. Mkinitoa, nitoeni."

Wakamtoa. Jamali aliupokea ufagio palepale, hakungoja hata watu watawanyike. Kesho yake Kasimiri aliondoka na viatu vipya miguuni, na Hamisa, machozi yakimlengalenga, alimfungia maandazi ya njiani. Alimpa mkono wa kwaheri bila kumtazama usoni.

Tangu hapo akipita njia ya makaburini aligeuza uso. Kilichomfariji ni kimoja tu, kwamba bakuli limekwenda lakini mila ya wazee hakuivunja. Hilo alijiambia kila alipomwona Jamali akiwapokea wageni.

Mwezi haukuisha, kijana mmoja nadhifu alipiga hodi mlangoni kwake, akavua kofia, akamwamkia shikamoo. Alikuwa mwalimu, jina lake Gozbert, na alikuwa akimtafuta kaka yake, Kasimiri, ambaye mama yao hakumwona tena tangu alipoingia Keya.

Hamisa alimwekea kigoda.

"Kaondoka," alisema. "Alinitenda kaka yako, sikufichi, lakini mtani ni mtani, sina neno naye. Na wewe jisikie kwenu. Ukitaka kuku, wale pale, kamata."

Gozbert aliwatazama kuku, kisha akamtazama yeye, asielewe.

"Samahani, mama," alisema. "Sisi ni Wahaya wa Bukoba. Hatuna utani na Wazaramo hata wa dawa."