Kilele Kilichorukwa

Ripoti ilisema dawa ya kikohozi ya watoto haina sumu. Lakini kwenye mchoro wa mashine ya kupimia, ambapo kila kemikali huchora kilele chake, mkemia aliona kilele kidogo, chembamba kama mwiba, ambacho programu ilikiruka.

"Mkuu, nani amepandisha kiwango cha chini cha kuhesabu vilele?"

"Mimi. Mashine ilihesabu mpaka chafya za jirani. Tia sahihi, dada, malori yanangoja."

Mkemia akakishusha kiwango, akapima upya. Mstari mwekundu ukatambaa chini ya kilele, ukakifunga, na jibu likatokea: sumu mara tatu ya inayoruhusiwa.

Mkuu aliitazama namba ile, kisha akatoa simu.

"Mama watoto, ile chupa ya dawa niliyotoka nayo kazini, umeshampa mdogo?" Akasikiliza. "Amelala tangu saa ngapi?"