Friji Lililoazima Sauti

Sheria iliruhusu maduka kuazima sauti za marehemu, kwa hiyo friji la dukani lilipomwita Mwanakheri kwa sauti ya marehemu mumewe, Shekue, hakuna mteja aliyeshtuka.

"Mama Aziza, nichukue! Nilikuwa laki mbili, leo tu laki moja!"

Mwanakheri akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mwongo mkubwa! Shekue wangu hakuwahi kukubali bei ya kwanza, hata ya fungu la mchicha. Na jana nilikuona hapa hapa kwa elfu tisini!" Akageuka kuondoka.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga vigelegele, wakaacha vikapu vyao chini na kutoka naye kama wanaosindikiza bibi harusi.

Mlangoni sauti ikamfuata, sasa ya upole, Shekue mwenyewe kabisa: "Haya, mke wangu, sema bei yako."

Mwanakheri akasimama.