Kanga wa Kenge na Mlinzi wa Ziwa

Zamani, ziwa lilipopata sheria kabla halijapata haki, ilikatazwa kumuuza mwenzio. Mlinzi alikuwa Kiboko, mwenye tumbo kama langu na shaka kuliko mke wangu.

Siku moja akausimamisha mtumbwi wa Kenge, mchuuzi mjanja. Ndani walijazana kanga, wamefunikwa shuka hadi machoni.

"Mateka hao?"

"Astaghafirullahi! Mashemeji zangu, bwana mkubwa. Twaenda harusini."

"Harusini bila hata kigelegele?"

"Wanaumwa meno."

"Kenge we! Kanga ameota meno lini?"

Kiboko akavuta shuka. Midomo na mbawa zilikuwa zimefungwa kwa ukindu. Akamsukumia Kenge majini, akawafungua kanga wote.

"Mko huru, wanangu! Sasa twendeni shambani kwangu. Mtanilimia misimu michache tu, mpaka muuzoee uhuru."

Kanga bibi, mkubwa wao, akamtazama kwa jicho la pembeni. "Ahsante, baba. Ila lango la shamba lako hufungwa kwa ndani au kwa nje?"

Kiboko akaanza kukohoa. Akakohoa weee, na alipomaliza, alibaki peke yake na mtumbwi mtupu.