Jino la Mama

Mama alikuwa ameshika shavu la kulia. Jana yake alishika la kushoto, lakini binti yake alikuwa hoi, hakuwa na nguvu za kuhoji meno ya mtu.

Binti alifanya kazi ya kuoka mikate. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, unga ungali kwenye nyusi, kichwa kikimgonga kama ilivyokuwa kawaida yake. Kila mama alipomsihi aende hospitali, alijibu kwamba ni joto la tanuri tu. Marehemu baba yake naye alikuwa akisema ni jua tu, mpaka siku alipoinama kufunga kamba za viatu asiinuke tena.

Kliniki ya meno mama aliichagua mwenyewe. Zilikuwepo za karibu, lakini aling'ang'ania hii ya ng'ambo ya mji. Jirani yao alitibiwa hapo, akasifu wanavyompima mtu kwanza kabla ya kumgusa. Binti hakubishana. Alijitupa kwenye benchi, akafumba macho.

Muuguzi alikuja na mashine ya presha, akaeleza kuwa hapo hawang'oi jino kabla ya kupima. Mama akaurudisha mkono kifuani. Alisema anaogopa, kitambaa kile kitamkaba.

"Hakiumi, bibi."

"Mpime huyu kwanza nione."

Binti alishusha pumzi. Ili yaishe akalale, alipandisha mkono wa blauzi na kuunyoosha mkono wake. Kitambaa kikavimba, kikabana, kikalegea. Muuguzi akatazama namba. Alimwambia atulie kidogo, asiongee, akapima tena, kisha akapima mkono wa pili. Halafu akaenda kumwita daktari.

Daktari wa meno alikuja glavu zikiwa bado mikononi. Alimuuliza binti kama kichwa kinamuuma, kama macho yanaona ukungu. Binti akajaribu utani, akasema wamekosea mgonjwa. Daktari hakucheka. Alisema presha ile si ya kurudi nayo nyumbani. Aende hospitali sasa hivi, na gari angemwitia yeye mwenyewe.

Binti akainamisha kichwa. Uchovu wa miaka ulimshukia wote kwa mpigo. Hata hivyo, alikuwa na mama mgonjwa.

"Siwezi kumwacha na maumivu haya," alisema. "Mng'oeni kwanza, ndipo niende."

Daktari akamgeukia mama, akamwonyesha kiti, akamwomba afungue mdomo aone ni jino lipi.

Mama hakuketi. Alikuwa ameshautundika mkoba wa binti yake begani, na mkono mmoja ameuweka mgongoni mwa binti.

"Nyanyuka twende, mwanangu," alisema. "Mimi meno yangu hayajawahi kuniuma."