Vichupa vya Jumatatu

Jumatatu kwetu ni siku ya mate. Kila mtu anatemea kichupa chake, afisa wa afya anapita kusoma kama kuna damu. Ile sindano ya kimeng'enya tuliyochomwa wote inafunga kidonda kabla chai haijapoa, sikatai. Ila mwili wako ukiikataa, fizi zinavuja damu, zinapona, zinavuja tena, na ukigundulika unachukuliwa kwenda kufanyiwa utafiti. Mzee Kapufi wa chumba cha pili alichukuliwa mwaka juzi. Ndala zake bado ziko mlangoni.

Sasa mimi nikaanza kumshuku mama. Tangu nimalize fomu foo niko nyumbani tu, naona kila kitu. Foronya zote anafua asubuhi na mapema. Dawa ya meno ananunua nyekundu tu. Na Jumatatu moja nikamkuta ameshika kichupa changu.

"Mama, unaniibia mate?"

"Mate yako yana dhahabu? Kanywe chai."

Nikaenda kunywa chai. Mama ni mama.

Leo afisa, dada Tulizo, kasoma vichupa vyetu mara mbili. "Vyote safi. Ila vinafanana, kama katema mtu mmoja."

Mama akacheka. "Si nimemzaa mwenyewe?"

Dada hakucheka. "Jumatatu ijayo mtatema mbele yangu."

Alipoondoka, mama akatoa muwa uvunguni. Akatafuna kipande, akatema makapi kiganjani, meupe. Kingine akanipa mimi.

Nikatafuna, nikatema.

Mekundu.